Oili Niliyompa Daktari Akinyi

Siku ile mliponikatia keki ya kuniaga nyuma ya kaunta mkasema, "Mama Shiru, tuambie neno," nilisimama nikatazama nyuso zenu. Nikasema asanteni, nikakaa. Nilipofika nyumbani Satellite nikajilaumu sana. Mtu amegombana na madereva wa kila aina miaka yote hiyo, halafu anakosa maneno mbele ya keki! Basi nimeamua kuandika. Habari za vyeo msizitafute hapa, maana duka letu lilikuwa na vyeo viwili tu: mwenye duka, na sisi wengine. Nawaandikia nyinyi mnaobaki kaunta, hasa kwa sababu ya galoni moja ya oili.

Nilianza pale Dagoretti Corner mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi kidogo Kirinyaga Road, huko katikati ya jiji, na kitu nilichojifunza zaidi huko ni kupaza sauti. Duka la Corner, la spea na oili za magari, lilikuwa la Baba Ken, mtu mwema mwenye uso wa kukasirika. Siku yangu ya kwanza aliingia mteja, akanitazama, akachungulia nyuma yangu, akauliza, "Hakuna mtu hapa?" Nikamwambia, "Kwani mimi ni mbuzi?" Baba Ken alicheka mpaka akashika rafu. Yule mteja alinunua filta, akawa wetu mpaka siku alipouza gari.

Baba Ken alikuwa amepanga oili kwa hesabu ya magurudumu. Rafu ya chini ilikuwa ya magurudumu mawili, zile pikipiki za matarishi na za walinzi. Rafu ya kati ilikuwa ya manne, magari madogo na pikapu. Rafu ya juu, sita na kuendelea, malori na mabasi. Tuktuk zilipoanza kuonekana tulibishana wiki nzima, mwishowe Baba Ken akaamua gurudumu la tatu halihesabiki. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi sana. Hata mtu aliyeajiriwa asubuhi aliweza kuuza kabla ya saa nne, kwa sababu kulikuwa na swali moja tu la kumuuliza mteja: iko na magurudumu ngapi? Swali hilo lilitufaa miaka kadhaa, nasi tukaacha kulifikiria.

Nyuma ya duka, chini ya mabati, ndiko alikokuwa Fundi Wafula. Alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, mpole, na overoli yake ya buluu aliipiga pasi kila Jumapili jioni, kana kwamba injini zingemkagua. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinipa kijiti cha kupimia oili, akaniambia nisugue tone moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia mchanga, kuna chuma kinakula chuma. Ukinusa na kusikia harufu ya kuungua, kuna mtu alisahau. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, usiwashe hiyo gari.

"Lakini kidole kina mwisho wake, Mama Shiru," alikuwa akisema. "Kidole kitakwambia oili imechoka. Hakiwezi kukwambia oili ni ya nani. Hiyo, soma."

Na alinisomesha kweli. Aliniweka kwenye kigoda, akanipa chupa tupu na miwani yake mwenyewe. "Watu husoma mbele ya chupa, pale wameandika maneno matamu. Wewe geuza. Ukweli uko nyuma, kwa herufi ndogo." Nikajifunza kwamba ile namba ya kwanza, yenye W, ni ya baridi: itakavyotiririka gari likiwashwa alfajiri Limuru. Ya pili ni ya joto: itakavyovumilia injini ikishachemka mlimani. Nikajifunza pia kutazama kifuniko, kama kimewahi kufunguliwa na kufungwa tena, maana wajanja walikuwepo hata wakati huo. Wateja wengi walitaka oili nzito zaidi dukani, wakidhani uzito ndio nguvu. Nilikuwa nawaambia uji mzito ni mzuri, lakini haupewi mtoto wa siku mbili.

Basi asubuhi moja ya mvua, duka likiwa limetulia, tukasikia mngurumo wa ajabu ukipanda ukingo wa barabara. Nikatoka. Ilikuwa kwodi, ile pikipiki ya magurudumu manne yenye matairi manene, ambayo wengi wetu tulikuwa tumeiona kwenye picha za watalii tu. Juu yake alikuwa amekaa mwanamke mwembamba, amevaa gambuti na koti la mvua, na mkongojo wake ameufunga kando kwa kamba ya katani. Alikuwa amejaa matope mpaka kwenye nyusi.

"Habari ya hapa, mama," akasema. "Niko na mgonjwa." Akaipigapiga ile kwodi shingoni kama ng'ombe.

Huyo ndiye Daktari Akinyi. Alikuwa daktari wa mifugo, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umepooza tangu utotoni. Mradi mmoja wa mifugo, wenye ofisi Hurlingham, ulikuwa umemwajiri kutibu ng'ombe wa wakulima wadogo kutoka Dagoretti mpaka miteremko ya kuelekea Ngong. Kwa miezi mingi alikuwa akiyafikia maboma yao kwa mkongojo, kwenye matope. Alipigana na ofisi mpaka wakampa ile kwodi, iliyokuwa imetumika Japani, lakini kwa majaribio. Ikifaa, abaki nayo. Ikishindikana, irudishwe, na yeye apewe meza Hurlingham awe anapanga faili.

"Mimi sikusomea faili," aliniambia huku akinywa chai yangu ya thamosi. "Kwa faili, hakuna kitu inapumua."

Nilimpenda pale pale. Sijui niseme vipi, watoto wangu. Kuna mtu anaingia dukani na unataka siku yake iende vizuri. Alitaka kubadilishiwa oili. Fundi Wafula hakuwepo, alikuwa ameenda Bungoma kumzika shemeji yake, na angekaa huko zaidi ya wiki. Nikasema, hii ni kazi ndogo, nitaifanya mwenyewe. Nikaitazama kwodi. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Rafu ya kati.

Na kwa vile nilimpenda, sikumpa oili ya kawaida. Kwenye rafu hiyo hiyo nikashusha ile galoni ya dhahabu tuliyokuwa tukiwawekea wenye magari makubwa wa kule Karen kwa matajiri, ile iliyoandikwa mbele kwamba inateleza kuliko zote na inaokoa petroli. Nikamuuzia kwa bei ya ile ya chini, tofauti nikailipa mwenyewe.

Akaniuliza, "Na kitabu yake inasema aje? Iko hapa chini ya kiti."

Nikakifungua. Kilikuwa cha Kijapani kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nikakifunga. "Daktari, hiki hata aliyekiandika hakisomi," nikasema, tukacheka sana. Nikamwaga oili ya zamani, nikabadilisha filta, nikamimina ile ya dhahabu kwa mkono wangu, polepole, bila kumwaga hata tone. Akaondoka akinipungia mkono. Nilijisikia vizuri siku nzima, na mpaka leo nikikumbuka raha ile naona aibu.

Alirudi baada ya siku kumi na moja, ndani ya pikapu ya mkulima, kwodi ikiwa imefungwa kamba nyuma. Hakuwa na matope. Hilo ndilo lililonishtua kwanza, alivyokuwa msafi.

"Mama Shiru, imekataa kupanda," akasema. "Injini inalia, inalia, lakini magurudumu yamekaa tu. Kwa barabara sawa inajikaza. Nikifika mlimani, inalia kama inaomba msamaha."

Kisha akanisimulia. Mama mmoja mjane, kule juu mteremkoni, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na huyo ng'ombe alishikwa na uchungu ndama akiwa amekaa vibaya tumboni. Wakamwita Daktari. Kwodi ikamwacha kwenye kona ya chini kabisa ya mlima. Akapanda kwa mkongojo, akianguka na kuinuka, na sehemu ya mwisho akatambaa. Alipofika ng'ombe alikuwa hai. Ndama alikuwa amekufa. Yule mjane hakumlaumu, alimletea maji ya kunawa. "Hiyo maji ndiyo iliniuma," Daktari akasema. Habari ilikuwa imefika ofisini, na huko wakasema kile ambacho wengine walitaka kusema tangu mwanzo: mwanamke wa mguu mmoja hawezi hiyo mashine. Ijumaa kwodi irudishwe Hurlingham. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Fundi Wafula alikuwa amerudi usiku uliotangulia. Alichomoa kijiti, akasugua tone, akanusa. Akafunga macho, akasugua tena.

"Hii oili ni safi sana," akasema. "Nani alimpa?"

"Ni mimi, Fundi. Ile ya dhahabu."

Akaketi juu ya tairi, akaniita nikae karibu naye, na hata hapo hakupaza sauti. "Sikiza, Mama Shiru. Kwa gari, klachi iko na nyumba yake. Imekauka, oili ya injini haiijui. Lakini pikipiki ni kama sisi tulipokuwa tunakodi chumba Kawangware. Injini, gia, klachi, wote wanalala chumba kimoja, na blanketi ni moja. Sasa wewe umewaletea blanketi ya hariri. Injini imefurahi. Lakini klachi kazi yake ni kushikana. Itashikana aje na inateleza?"

"Lakini Fundi, iko na magurudumu manne!"

"Magurudumu hayanywi oili," akasema.

Akakitoa kile kitabu chini ya kiti, akavaa miwani, akapekua taratibu mpaka akafika ukurasa wenye picha ya kopo la oili. Katikati ya maandishi yale ya Kijapani kulikuwa na 10W-40, na kando yake herufi mbili tunazozijua sote: MA. Akanyoosha mkono, akachukua chupa ya rafu ya chini, ile ya pikipiki za matarishi, akaigeuza. Nyuma, kwa herufi ndogo: MA. Ndiyo alama ya oili ambayo klachi inaweza kulala nayo. Kitabu kilikuwa mkononi mwangu, nami nilikifunga nikacheka.

Alifungua injini. Zile sahani za klachi zilikuwa zimeungua, zinang'aa kama vikombe vya harusi. Akanipa moja, nikaifunga kwa gazeti. Nilikuwa nimeshaamua.

Nilimwambia Baba Ken kwamba Jumatano nitaenda Hurlingham kuieleza ofisi ya Daktari kwamba kosa si lake, ni letu. Uso wake, ambao kwa kawaida ulikuwa wa hasira bila hasira, safari hii ulikasirika kweli.

"Utaenda kuniharibia jina? Oili yangu ilikuwa feki?"

"Haikuwa feki, Baba Ken. Haikuwa ya pale."

"Basi nyamaza. Tutamtengenezea bure, na tusiseme kitu."

"Tukitengeneza bila kusema, watasema ni yeye alishindwa."

"Ukienda," akasema, "usirudi."

Sikulala vizuri usiku huo. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na baba yao alikuwa ametangulia mbele ya haki. Lakini kila nikifunga macho nilimwona Daktari akitambaa kwenye yale matope na begi lake la dawa shingoni. Nikapiga moyo konde. Jumatano nikavaa nguo ya kanisani, nikaenda.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, Argwings Kodhek Road, ina zulia linalomeza sauti ya viatu. Mkurugenzi alikuwa mtu mfupi mwenye sweta ya kusukwa kwa mkono, si mtu mbaya, ila mtu wa haraka. Daktari Akinyi alikuwa tayari ameketi pale, ameitwa kuandika maelezo. Aliponiona akashtuka.

Nikaiweka ile sahani ya klachi juu ya meza, kwenye gazeti lake. "Bwana Mkurugenzi, mimi ni wa duka la spea, Dagoretti Corner. Hii kitu iliungua kwa sababu ya oili niliyoiweka mimi. Daktari hana kosa."

Mkurugenzi akanitazama, akamtazama Daktari. "Lakini hapa ameandika kwamba oili aliichagua mwenyewe, na kwamba muuzaji alimkataza."

Nikageuka. Daktari Akinyi alikuwa ameinamisha kichwa. "Mama Shiru ako na watoto," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi kazi nimeshapoteza. Kwa nini tupoteze mbili?"

Haki ya Mungu! Mtu niliyemharibia kazi alikuwa ananikinga! Nikamwambia mbele ya bosi wake, "Daktari, wewe ni mwongo mbaya sana, na futa hiyo karatasi." Halafu nikamweleza Mkurugenzi yote, magurudumu, rafu, chumba kimoja, blanketi moja. Aliichukua ile sahani, akapitisha kidole juu yake, kidole kikateleza. Akafanya hivyo mara tatu.

"Sawa," akasema. "Ijumaa nitakuja mwenyewe. Apande ule mlima uliomshinda, nikiona. Akifika, tutaongea. Asipofika, faili zinamngoja."

Alhamisi asubuhi nilienda dukani roho mkononi. Baba Ken alikuwa amesimama mlangoni. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Kaunta iko na vumbi." Huo ndio ulikuwa msamaha wake, nami niliupokea kwa mikono miwili. Nikachukua kitambaa. Nilipoingia nyuma nikakuta Fundi Wafula ana sahani mpya za klachi. Baba Ken alikuwa amezunguka naye Kirinyaga Road tangu maduka yafunguliwe Jumatano, wakiuliza mlango kwa mlango, mpaka wakazipata kwa mtu wa pikipiki kubwa.

Tulifanya kazi pamoja. Fundi alizilaza sahani mpya ndani ya oili iliyo sawa, zikashinda humo zikinywa, maana klachi ya kulowa haifungwi kavu. Tukaosha injini kwa oili ile ile, tukaiwasha kidogo, tukaimwaga, tukajaza upya, ili ile ya hariri isibaki pembeni popote. Aliponyoosha mkono kuchukua chupa ya mwisho, akasita, akanipa mimi.

"Mimina wewe," akasema.

"Fundi, mimi tena?"

"Wewe ndiye hutasahau."

Nikamimina. Nilimwaga kidogo chini, na Fundi akajifanya hajaona.

Ijumaa tulikuwa chini ya ule mlima saa tatu asubuhi: Mkurugenzi na dereva wake, Fundi Wafula na overoli yake, mimi, na Baba Ken ambaye alisema anapita tu, ingawa barabara ile haiendi popote. Mvua ilikuwa imenyesha. Njia ilikuwa udongo mwekundu mtupu, imechimbika katikati. Daktari Akinyi alifunga mkongojo wake, akaweka begi la dawa mbele, akavuta pumzi. Hakututazama.

Kwodi ilinguruma, ikaanza kupanda. Pale kwenye kona, mahali ilipomwacha siku ile, injini ikapandisha sauti. Nikamshika Fundi mkono. Halafu nikaona yale matairi manene yakiuma udongo, yakitupa matope nyuma, na kwodi ikipanda, polepole, bila kusita, mpaka ikazunguka ua wa miti na kupotea. Tukaisikia ikizidi kwenda juu. Kisha ikanyamaza.

Tukangoja. Dakika kumi. Dakika ishirini. Mkurugenzi akatazama saa. "Imezima?" akauliza. Fundi Wafula alikuwa anasali, nilimwona midomo ikicheza. Nusu saa ikapita, Mkurugenzi akaanza kutikisa kichwa, nami nikavua viatu vyangu vizuri nipande kwa miguu nikamtafute.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka juu, nyuma ya ule ua. Alikuwa yule mjane, amekunja mikono ya sweta mpaka kwenye viwiko.

"Nyinyi mnangoja Daktari?" akapaza sauti. "Amesema mwende tu! Amepata ng'ombe wa jirani ako na homa, na kuna wengine wawili wanamngoja kule mbele! Amesema ako kazini!"

Nililia pale pale barabarani, viatu mkononi, wala sikuona haya. Baba Ken akageuza uso akaanza kuchunguza mti. Mkurugenzi alisimama akitazama zile alama za matairi zilizopanda mlima, kisha akavuta kola ya sweta yake, akaelekea kwenye gari.

"Sasa ile meza ya faili," akasema bila kugeuka, "nitampa nani?"